Kigoda Kati ya Mama na Shemeji

Mama yangu aliwaambia majirani wote wa Nyahanga kwamba nimekwenda Ulaya kusomea saa, na kwamba nilipofika huko nikaamua kuzitoa. Ukweli haukuwa mbali sana na hapo, ndiyo maana niliudhika.

Nilimweleza mwenyewe siku niliyoshuka basi pale Kahama, tope la safari bado limo viatuni. Nikamwambia, mama, ndani ya kompyuta mna kipande kidogo kuliko ukucha wa kidole changu, kinaitwa chipu. Ndani ya chipu hiyo mna vijumba maelfu kwa maelfu, na kazi yao kubwa ni kupelekeana habari. Kwa kawaida mna saa moja inayopiga kwa ajili ya wote, na kila ikipiga, wote wanasogeza habari hatua moja kwa pamoja, aliye tayari na asiye tayari. Mimi nachora njia za kupelekeana habari bila saa. Kila kijumba kinasogeza mzigo wake kikiwa tayari, na jirani yake akiwa tayari kupokea.

"Kwa hiyo umevuka bahari yote ile ukajifunze kufanya kazi bila saa," mama alisema, macho yakiwa kwenye ungo wa mchele. "Hapa Nyahanga nani ana saa?"

Nilinuna mpaka chakula kikaiva. Mimi ni mtu wa kununa, nakiri mapema ili msomaji asije akashangaa huko mbele. Nanuna haraka, nacheka haraka, na katikati hapo husema maneno ambayo dada yangu mkubwa huyakumbuka miaka na miaka.

Ulikuwa mwaka ule wa mvua za Elinino, mvua zenyewe zimekwisha na zimeacha kila kitu kimejaa tope. Nilikuwa nimerudi kwa wiki tatu kuhudhuria harusi ya mdogo wetu wa kike. Begini nilikuwa na gauni moja, vizawadi vya kuwanyamazisha ndugu, na bunda la michoro lililofungwa kwa kamba ya viatu. Bunda hilo ndilo lililoninyima raha.

Niseme shida yake kwa kifupi. Katika michoro yangu kila kijumba kilikuwa na waya mbili za adabu kwenda kwa jirani yake. Ya kwanza niliiita hodi, ya pili karibu. Mwenye mzigo anapiga hodi, kisha anangoja. Jirani akiwa na nafasi anajibu karibu, na mzigo unapita. Mwalimu wangu wa huko, mzee mmoja mpole anayevaa soksi zisizofanana, aliyapenda maneno hayo akaanza kuyatumia na yeye, japokuwa hodi aliitamka kama anapiga chafya. Basi, nilikuwa nimepanga njia panda nne mviringo, mizigo inazunguka humo kutoka hii kwenda ile. Kwenye karatasi zilipendeza mno. Kwenye majaribio ya kompyuta zilikwenda vizuri kwa muda, halafu ghafla kimya. Hakuna kilichoungua wala kukatika. Kila njia panda ilikuwa imeshika mzigo, inapiga hodi kwa ya mbele, na ya mbele nayo imeshika wake, inapiga hodi kwa inayofuata, mpaka mviringo ukajifunga. Wote wana adabu, wote wanangoja, hakuna wa kusema karibu.

Kiwanda kilichokuwa kinatengeneza chipu za wanafunzi kilipokea michoro mara moja tu kwa mwaka. Ufadhili wangu ulikuwa unaisha kabla ya mara nyingine kufika. Mwalimu aliniambia waziwazi: nikimtumia marekebisho kabla Ijumaa ya wiki yangu ya pili nyumbani haijaisha, atayajaribu na kuyapeleka kiwandani. Nisipotuma, hakuna chipu, na pasipo chipu hakuna shahada, nirudi tu kufungasha. Nilikuwa mtoto wa kwanza wa mtaa wetu kupanda ndege. Watu walikuwa wameniombea makanisani na msikitini. Niliogopa, jamani. Kila asubuhi nilifungua lile bunda chini ya dirisha, nachora, nafuta, nachora, na kila jioni nilikuwa pale pale.

Sasa kisima. Kisima chetu kilikuwa nyuma ya nyumba, na mvua zile zilikuwa zimekijaza tope hadi ukiteka maji unapata uji. Wageni wa harusi walikuwa wanatoka Masumbwe, Buseresere, mpaka Geita, na mama alisema hatawanywesha wakwe uji wa tope. Kikapangwa kusafishwa siku ya Jumatano, siku mbili kabla ya Ijumaa yangu. Nilitaka kusema nina kazi zangu. Mama akaniangalia. Nikaenda kutafuta kanga ya kufungia kiunoni.

Mkuu wa kazi alikuwa shemeji, mume wa dada mkubwa. Shemeji alikuwa mchimbaji wa dhahabu kule Masumbwe, mtu mnene wa mabega na mwembamba wa sauti, na shimo la futi arobaini kwake lilikuwa kama shimo la kuchomea mahindi. Alikuja na kamba yake mwenyewe na vijana wake wawili. Yeye na mimi tulikuwa na utani wetu wa siku zote.

"Shemeji msomi," akaniita, "leo utatushikia ndoo au utatushikia kalamu?"

"Nitakushikia wewe usitumbukie, maana kisima kitaziba moja kwa moja."

Akacheka, akatelemka. Nilikaa ukingoni nikitazama wanavyofanya kazi, na pale pale nikasahau kununa. Aliye chini akishajaza ndoo anavuta kamba mara moja. Aliye juu hapandishi kwanza. Anajibu kwa kuvuta mara moja, maana yake nimesikia. Wa chini anasogea pembeni, ajikunje ukutani, kisha anavuta tena. Hapo ndipo ndoo inapanda. Hakuna kupiga kelele, hakuna kuhesabu. Na kamba isipojibu, ndoo haitoki chini hata kama ni siku nzima.

"Shemeji!" nikapiga kelele kule chini. "Nani aliwafundisha hivyo?"

"Ndoo iliyomwangukia mtu kichwani," sauti ikajibu kutoka shimoni. "Kwenye maduara yetu ya dhahabu kule, ile ya kujibu nimesikia ndiyo inayokurudisha nyumbani kwa mkeo."

Nilitaka kukimbia ndani nikalete michoro. Zilikuwa waya zangu zile zile, hodi na karibu, zimesokotwa kwa katani. Nilijisikia vizuri kwa mara ya kwanza tangu nishuke basi, halafu nikakumbuka kwamba waya hizo nilikuwa nazo tayari, na kwamba bado zinakwama. Kamba ya kisima ina watu wawili tu. Yangu ilikuwa mviringo.

Tope lilitakiwa kwenda bustani ya mama, hatua kama sitini kutoka kisimani. Watu wakajipanga mstari, majirani na ndugu, kina mama na vijana, ndoo zilizojaa zinapita mkono kwa mkono kwenda bustanini na ndoo tupu zinarudi kwa mstari huo huo. Hapo ndipo mimi nilipojipa ukubwa. Nilikuwa nimesoma mambo ya foleni na mizigo kwa miaka miwili, nani angenizuia? Nikachukua filimbi ya mjomba, aliyekuwa mwamuzi wa mpira, nikatangaza kwamba kila nikipuliza, wote wasogeze ndoo kwa mara moja.

Loo! Filimbi ya kwanza ilikwenda. Ya pili bibi mmoja jirani alikuwa anajikuna. Ya tatu kijana wa mbele amemaliza zamani anapiga miayo, na yule bibi ndiyo kwanza anapokea, ndoo mbili zikagongana, tope likamwingia mchungaji wetu ndani ya kiatu. Nikipunguza mwendo kwa ajili ya bibi, vijana wanazomea. Nikiongeza, bibi anamwagikiwa.

"Zima hiyo filimbi," mama alisema. "Si ulisema wewe ni mtu wa bila saa?"

Watu waliangua kicheko mpaka kisimani wakauliza kuna nini. Mimi mwenyewe nilicheka, ingawa masikio yalikuwa moto. Nikaivua filimbi shingoni. Ebo, mtu anakwenda mwisho wa dunia kujifunza ubaya wa saa, halafu anarudi kwao kuwapigia filimbi!

Bila filimbi mstari ulitembea. Anayeweza upesi alisogeza upesi, bibi alisogeza kwa uzee wake, na aliyekuwa nyuma yake alimngoja kidogo akimtania. Ndoo iliyojaa inakuja, ndoo tupu inarudi, wawili wanabadilishana wakitazamana machoni, twende. Wanawake walianzisha wimbo wa Kisukuma wa kulima, lakini kila mmoja akauimba kwa mwendo wake.

Saa nne hivi shemeji akapanda juu kupumzika, kijana wake akashika zamu chini. Hakutaka kukaa bure, akaniuliza aingie wapi. Muda huo huo mama mmoja jirani aliyekuwa katikati ya mstari akatoka kwenda kuangalia maharage jikoni. Nikaona pengo, nikaona mtu mwenye mabega. "Shemeji, simama hapa. Mama, sogea hatua moja upande huu, mfuatane." Dada mkubwa, aliyekuwa mbali kidogo kwenye mstari, alikohoa. Nikadhani ni vumbi. Vumbi la wapi, siku ya tope!

Nikaenda bustanini kuona tuta linavyojaa. Nilipogeuka, wimbo ulikuwa umekufa. Hakuna ndoo inayokuja. Nikangoja. Nikaita, "Vipi huko?" Basi hasira zangu zikafika kabla ya miguu. Nikaanza kupita kwa mtu mmoja mmoja kutoka upande wa bustani.

"Wewe unangoja nini?"

"Nimeshika ndoo tupu, namngoja wa mbele achukue."

"Na wewe?"

"Na mimi hivyo hivyo. Wa mbele yangu kajaa mikono."

Kila mtu ameshika ndoo, kila mtu amekaa kwa adabu, kila mtu anamngoja mwenzake. Nikafika katikati. Mama yangu alikuwa amesimama wima, ndoo tupu mikononi, anatazama kuku. Hatua tatu mbele yake shemeji amekumbatia ndoo ya tope kifuani, jasho linamtiririka, anatazama mawingu. Nyuma yake watu wote hadi kisimani wamebeba ndoo zilizojaa, na mmoja ameanza kuegemeza yake pajani.

Hapo nikakumbuka. Nilikuwa nimesahau, mimi niliyezaliwa pale! Kwetu mkwe wa kiume na mama mkwe wake hawapeani kitu mkono kwa mkono. Hawashikani mikono, hawatazamani usoni, hawasogeleani. Kupokezana kitu ni lazima awepo mtu katikati. Yule mama wa maharage angekuwepo, angekaa katikati yao, na mimi, mkuu wa foleni, nilikuwa nimemweka shemeji kwenye nafasi yake na kuwabandika wawili hao pua kwa pua mbele ya mtaa mzima.

"Kwa nini hamkusema?" nikamnong'oneza shemeji.

"Niseme nini, shemeji?" akanijibu kwa ile sauti yake nyembamba, macho bado mawinguni. "Niseme simtaki mkwe wangu hapa? Kwenye kisima chake?"

"Si ungeweka ndoo chini!"

"Miguuni pa mkwe? Ainame mbele yangu aokote kama ninamtupia? Thubutu."

Nikamgeukia mama. "Na wewe mama?"

"Mimi nimepangwa hapa na mtaalamu," mama akasema. "Nangoja anipangue."

Watu walikuwa wanajizuia kucheka kwa ajili ya heshima, nao walikuwa wanashindwa. Ningeweza kumrudisha mtu katikati, lakini hakukuwa na mtu wa ziada, kila mkono ulikuwa umeshika kitu, na mimi, kwa ukubwa wangu, sikuwaza kujisimamisha mwenyewe. Nikakimbia jikoni nikachukua kigoda cha mama, kile cha miguu mitatu ambacho mguu wake mmoja ni mfupi, ukikikalia kinakuinamisha upande kama mtu anayeulizwa swali. Nikakiweka katikati yao.

Shemeji akaelewa kabla sijafungua mdomo. Akasogea, akaweka ndoo ya tope kigodani, akarudi nyuma hatua mbili, akageuza uso. Watu wakapiga vigelegele. Lakini mama hakusogea.

"Mama, chukua basi!"

"Nichukue kwa mikono ipi? Hii niliyoishika nikaiweke wapi, kichwani?"

Kweli. Alikuwa na ndoo tupu mikononi, na kigoda kilikwishakaliwa. Tulikuwa tumekwama upya, sasa kwa heshima zaidi. Nikarudi mbio, nikavuta kreti la soda za harusi, nikatoa chupa, nikalipindua kando ya kigoda. Mama akaweka ndoo tupu kwenye kreti, akajifuta mikono kwenye kanga, akachukua ndoo ya tope kigodani, akaipeleka kwa jirani yake wa upande wa bustani bila haraka. Aliporudi nyuma shemeji akasogea, akachukua ile tupu. Kisha akabadilishana na wa nyuma yake, akapokea ndoo iliyojaa, akanyoosha mkono kuiweka bila kutazama kigoda.

"Mwambie angoje," mama akaniambia mimi, ingawa shemeji alikuwa anasikia wazi. "Asiweke mpaka aone kigoda kimekaa wazi. Na mimi sitaweka mpaka nione kreti liko wazi. Mkono mtupu haulambwi, lakini ndio unaopokea."

Mstari ukaanza tena. Hapo ndipo nilipoona kitu kilichonifanya nisimame na mdomo wazi. Pale katikati, penye wakwe wawili wasiotazamana, palikuwa panakwenda vizuri kuliko popote kwenye mstari. Wengine wote walingoja kukutana uso kwa uso ndipo wabadilishane. Mmoja akichelewa, mwenzake anasimama naye. Shemeji aliweka akageuka, akaendelea na lake. Mama alichukua wakati wake, akapumua, akamrekebisha mtu kanga, akachukua. Hakuna aliyemshikilia mwenzake. Kulikuwa na mahali patupu kati yao, na patupu hapo ndipo kazi ilipokuwa inapita.

Nilianza kulia. Sioni aibu kusema. Nililia na kucheka kwa wakati mmoja, na mchungaji mwenye kiatu cha tope akanishika bega akidhani nimeguswa na umoja wa jamii.

Maana mviringo wangu haukuwa na kigoda. Miaka miwili nilikuwa nimejisifia kwamba hakuna nafasi hata moja inayokaa bure kwenye chipu yangu, kila kijumba kina mzigo. Nafasi tupu niliiona hasara. Kumbe kila mtu akiwa ameshika ndoo, hata wawe na adabu za malaika, hakuna wa kupokea. Nilihitaji kuweka kigoda kwenye kila njia panda, mahali pa kuweka mzigo na kurudi nyuma. Zaidi ya hapo nilihitaji ile amri ya mama, nikiivuta mbele kidogo: mzigo mgeni usiruhusiwe kuingia kwenye mviringo isipokuwa baada yake kitabaki kigoda kimoja kitupu. Kimoja tu kinatosha. Kikiwepo kimoja, yupo atakayeweza kusogea, na akisogea anaacha patupu nyuma yake, na wa nyuma anasogea. Na mizigo ya kwenda isigombanie kiti na majibu ya kurudi. Hayo nayo yawe na kreti lao.

"Wabeja, mayu," nilimwambia mama, maana siku hiyo asante ya Kiswahili haikunitosha.

"Wabeja ya nini? Ndoo inakungoja."

Kisima kilimalizika alasiri. Nilichora siku hiyo na Alhamisi nzima kwenye meza ya kukatia mboga, na Ijumaa asubuhi nilikuwa barabara kuu ya Kahama, kwenye duka la vitambaa na vyombo la familia moja ya Kihindi. Huko ndiko kulikokuwa na mashine pekee ya faksi niliyoijua. Mama mwenye duka, ambaye babu yake ndiye aliyelifungua, alinisalimia kwa Kisukuma kama kawaida yake, akazitazama karatasi zangu nne.

"Hivi ni vigoda?" akauliza.

"Ndiyo, shangazi."

"Ulaya hawana?"

"Walikuwa hawana mahali penyewe pa kuviweka," nikasema.

Akapiga namba. Mashine ikatoa ule mlio wake wa kuumiza meno, ikanyamaza, karatasi ikarudi. Akapiga tena. Mara ya tatu umeme ukakatika, mumewe akaenda kuwasha jenereta nyuma. Mara ya tano laini ikawa na sauti ya mtu anazungumzia bei ya pamba. Nilikuwa nimeng'ata kanga hadi imelowa. Huko kwa mwalimu saa za kazi zilikuwa zinakwenda, na mimi, adui wa saa, nilikuwa sijaondoa macho kwenye saa ya ukutani ya duka lile.

"Inapiga hodi, mwanangu," mama mwenye duka akasema, mkono wake kwenye mkono wangu. "Huko hawajaitikia. Tutapiga tena, mimi sifungi duka."

Mara ya nane mashine ilipiga mlio, ikasikiliza, na kutoka mbali kabisa mlio mwingine ukaijibu. Tukatazamana. Karatasi ya kwanza ikaanza kuzama taratibu ndani, mstari kwa mstari, kigoda cha kwanza kikiwa juu. Hakuna aliyepumua hadi ya nne ikatoka. Mama mwenye duka akapiga makofi mawili, akaniletea chai ya maziwa yenye iliki.

Jumatatu, Jumanne, Jumatano, hakuna jibu. Alhamisi nikaenda dukani, hakuna. Ijumaa nikasukwa nywele huku nimenuna, Jumamosi nikavaa gauni langu na kumsindikiza mdogo wangu kanisani. Wageni walikunywa maji ya kisima na kuyasifia. Mimi nilikuwa natabasamu kwa meno tu. Moyoni nilikuwa nimeshaanza kupanga nitawaambiaje wale walioniombea.

Mchana wakati wa zawadi, mama mwenye duka akaja amevaa sari ya kijani, amebeba kitambaa cha pazia kwa ajili ya bibi harusi. Akacheza nacho mpaka mbele kama wenzake, akakitoa, akapigiwa vigelegele. Halafu akanikaribia, akachomoa karatasi ya faksi iliyokunjwa kutoka kwenye mkoba wake. "Imeingia wakati nafunga mlango," akasema. "Sikusoma. Nimesoma kidogo."

Mwalimu wangu alikuwa ameandika kwa mkono, mistari michache. Tafsiri yake ni hii: Nimeuzungusha siku tano mfululizo bila kuuzima, nikiujaza kwa nguvu zote. Haukukwama hata mara moja. Umekwenda kiwandani. Hongera, na tafadhali nieleze kwa nini mchoro wako una miguu mitatu.

Weee! Sijui nilipiga kelele ya namna gani, maana mpiga ngoma alisimamisha ngoma. Nikambeba mama mwenye duka na sari yake. Nikamkimbilia mama, nikamwambia, mama, nimepita! Akauliza nimepita wapi. Nikasema, kigoda chako kimenipitisha! Hakuelewa hata neno moja, lakini alinyanyuka akacheza, na mama yangu akicheza uwanja wote unampisha.

Chipu yenyewe ilifika mikononi mwangu mwaka uliofuata. Wachora chipu wana mchezo wao: kwenye pembe iliyobaki wazi huchora picha ndogo, isiyoonekana bila hadubini, ya kufurahisha roho tu. Wengine huchora paka, wengine gari moshi. Mimi nilijua cha kuchora. Niliporudi nyumbani likizo, nilikuja na picha yake iliyopigwa kwa hadubini, kubwa kama kitabu cha shule.

Tulikuwa uani, mama amekalia kile kigoda chenyewe, shemeji na dada wamekuja na watoto kutoka Masumbwe. Mama aliishika picha kwa mikono miwili, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu. Barabara nyembamba kwa maelfu, na pembeni kabisa, peke yake, kigoda cha miguu mitatu.

"Mguu mmoja mfupi," mama akasema.

"Ndiyo, mama."

"Hiki ni changu."

"Ni chako. Kiko kwenye kila chipu waliyoitengeneza."

Akapitisha kidole juu ya ule mguu mfupi. Kisha akanyanyuka. Mimi nilikuwa pale pale, dada alikuwa pale pale, yeyote kati yetu angeweza kuipeleka ile picha. Hakutupatia sisi. Aliiweka juu ya kigoda, akainyoosha kwa kiganja, akarudi nyuma hatua mbili, akageuza uso kwa kuku.

Shemeji alijifuta mikono kwenye suruali. Akasogea, akaichukua, akarudi alipokuwa amesimama, akaitazama hadi macho yake yakawa na maji.

"Shemeji," akaniambia, "mwambie mama mkwe kigoda chake kimefika mbali."

Mama alikuwa hatua nne kutoka kwake, na masikio yake ni mazima mpaka leo. "Mwambie," akasema, bila kugeuka, "nimesikia."